Beringi za Sista Upendo

Gari la Sista Upendo lilianza kulia mwanzoni mwa masika. Lilikuwa Volkswagen la zamani, lile la mgongo wa kobe, ambalo marehemu mumewe, Mwalimu Melkizedek, alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Uholanzi. Mwalimu alipofariki, ndugu walimshauri Upendo aliuze. Yeye akajifunza kuliendesha. Alikuwa muuguzi wa zahanati pale Mikumi, na gari hilo ndilo lililompeleka vijijini kuchanja watoto, upande wa Kisanga na kwingineko kando ya barabara ya Kilosa, boksi la chanjo likiwa limefungwa kwa kamba kwenye kiti cha nyuma ili lisiruke ruke.

Damiano alilisikia gari kabla hajaliona. Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba za wageni, karibu na njia panda ya Kilosa, na hapo alikuwa amekaa miaka ya kutosha kuyajua magari ya mji kwa sauti zake. Kazi aliijifunzia Kilosa, kwenye karakana ya shamba la mkonge, enzi ambazo mkonge ulikuwa mkonge. Shamba lilipopooza akahamia Mikumi, kwenye barabara kuu, ambako malori ya kwenda Zambia hayakuacha kuharibika hata siku moja. Alikuwa anakaribia umri wa miaka hamsini. Mkewe alikuwa amerudi kwao Chanzuru zamani, wakaachana bila ugomvi mkubwa, na tangu hapo Damiano alijipikia, akajifulia, akalala mapema.

Alilipiga jeki gari upande wa mbele, akalishika gurudumu la kushoto juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Alipolizungusha lilikoroma, na ukiweka kiganja kwenye springi ungeusikia mkoromo ule ukipanda mpaka kwenye kiwiko.

Akamwambia Upendo kwamba ni beringi za mbele. Za kushoto zimekwisha, na za kulia haziko mbali. Akiendelea kulitembeza hivyo, iko siku gurudumu litakwama au litachomoka lenyewe na kutangulia mbele yake barabarani.

“Na zinapatikana?” Upendo aliuliza.

Miaka michache nyuma hilo lisingekuwa swali la kuulizwa. Wakati ule mtu alifunga safari mpaka Dar es Salaam kutafuta sili moja ya mafuta, akarudi mikono mitupu, na gari likakaa juu ya mawe mpaka kuku wakataga ndani. Lakini sasa ilikuwa ruksa kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya Morogoro yalikuwa yamejaa sabuni, redio, mitumba, na vipuri vilivyopita Dubai ndani ya maboksi yanayong’aa. Damiano akasema atamwagiza Makarius, dereva wa lori aliyekuwa akipita Mikumi kila mara na ambaye hakuwahi kumwangusha.

Basi gari likapandishwa juu ya mawe, magurudumu ya mbele yakatolewa, na Upendo akaanza kupita gerejini kila jioni akitoka kazini ili kuuliza. Gereji ilikuwa njiani kwake. Siku ya kwanza aliuliza akiwa amesimama. Siku ya pili Damiano alimfutia kreti la soda, akakaa. Baada ya hapo kukawa na chai, na mara nyingine Upendo alikuja na karanga za kukaanga ndani ya karatasi. Walizungumza mambo ya kawaida: tembo walioingia mashambani, wagonjwa wasiotaka kumaliza dozi, Mwalimu Melkizedek aliyekuwa akiimba kwaya kwa sauti mbaya na hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku moja alimuuliza Damiano beringi inafanya kazi gani hasa, naye akamwonyesha ile ya zamani, vigololi vyake virefu vilivyochimbika na kile kikapu chake cha kuvishikilia kilichokatika. Upendo akaigeuza mkononi kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mfupa.

Kila alipofika alisema, “Shikamoo, Fundi,” kama ilivyompasa, kwa sababu Damiano alimzidi umri. Na Damiano aliitika marahaba huku moyoni akitamani asiisikie tena. Jioni moja Upendo alikuja amechoka, akasahau, akasema tu, “Habari za leo?” na kuketi. Usiku ule Damiano alikula ugali kwa maharage yaliyoungua, akaona chakula kitamu. Kesho yake alinyoa ndevu, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya Jumapili.

Makarius alizileta beringi Jumanne asubuhi. Alisimamisha lori barabarani bila kuzima injini, akamrushia boksi kupitia dirishani, akaondoka. Damiano alilifungua, akazikagua moja moja. Zilikuwa nzuri, zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na sili zake mbili zimo. Akazirudisha ndani ya boksi, akaliweka kwenye droo ya meza yake ya kazi ili asiliache vumbini. Nia yake ilikuwa kuzifunga mchana huo huo, lakini likaja basi lenye rejeta inayovuja, na abiria wamejaa, akalishughulikia.

Jioni Upendo alipofika, alikaa kwenye kreti lake, akauliza kama Makarius ameonekana.

“Bado,” Damiano akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Na lilipokwisha kutoka, Upendo hakushangaa wala hakununa. Watu walikuwa wamezoea kungoja. Ukimwambia mtu kipuri bado, alitikisa kichwa tu, kwa sababu maisha yake yote ya utu uzima vitu vilikuwa bado. Upendo akatikisa kichwa, akapokea kikombe cha chai, wakazungumza mpaka giza likakaribia.

Jumatano Damiano aliamka ameamua kuzifunga. Halafu akawaza kwamba akizifunga, jioni Upendo atachukua gari lake, atashukuru, na kreti litabaki kreti. Akajipa siku moja zaidi. Alhamisi akajipa nyingine. Alijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Chanjo za wiki ile Upendo alikuwa amezipeleka kwa gari la wamisionari. Alijiambia pia kwamba anatafuta tu maneno ya kumwambia, kwamba siku atakayoyapata ndiyo siku atakayofunga beringi, na mambo yote mawili yatakwenda pamoja. Aliyatafuta maneno hayo chini ya malori, akiwa amelala chali, na kila alipodhani ameyapata yalionekana ya mtu kijana.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Kimaren alipofika asubuhi, Damiano alikuwa akifunga breki za pikapu. Kimaren alikuwa mfugaji wa Kimaasai kutoka mbugani upande wa Kisanga, mtu mzima mwenye kuleta maziwa Mikumi kwa baiskeli, anayejulikana kwa Kiswahili chake cha pole pole na kwa kutopunguza bei. Siku hiyo hakuwa na maziwa. Nyuma yake alikuwa Upendo, anatembea upesi, bado amevaa gauni la kazi.

Kimaren alikuwa ametumwa na Emanueli, kaka yake Upendo. Mama yao huko Kisanga alikuwa ameshikwa na tumbo tangu jana jioni. Limevimba, limekuwa gumu, anatapika, na choo hakipati. Upendo alimuuliza maswali mawili matatu pale pale, akajua. Alisema utumbo umejifunga, na hiyo haitibiki kwa dawa za kumeza wala sindano. Mama alihitaji kupasuliwa, na wa kupasua alikuwa hospitali ya Kilosa. Kijijini hapakuwa na gari. Basi la Kilosa lilikuwa limeshapita alfajiri.

“Fundi, hakuna namna?” aliuliza, akiyatazama magurudumu yaliyoegeshwa ukutani.

Droo ilikuwa nyuma ya mgongo wa Damiano, karibu kiasi kwamba angeweza kuivuta bila kugeuka. Alikuwa na muda wa kusema. Baadaye, kwa miaka, aliupima muda ule na kuona ulikuwa mwingi. Angeweza kusema zimefika jana. Angeweza kusema zimefika asubuhi ile ile. Hata uongo mpya ungetosha. Badala yake alisema, “Tukatafute gari kwanza,” akafuta mikono, akatangulia kutoka.

Wakazunguka mji. Gari la zahanati lilikuwa Morogoro, na la wamisionari pia. Land Rover ya hifadhi ilikuwa porini na hakuna aliyejua itarudi saa ngapi. Mfanyabiashara mmoja mwenye pikapu alisema barabara ya Kisanga mvua hizi itamvunjia springi, akaomba radhi, akaingia ndani. Malori yaliyoegeshwa njia panda yote yalikuwa ya Iringa na Tunduma, na dereva hata mmoja hakukubali kukata kona kwa sababu ya mama mgonjwa asiyemjua. Damiano aliomba kwa bidii kuliko Upendo mwenyewe. Alishika milango ya malori, akapaza sauti, akataja jina la Mungu, na Kimaren alimtazama kwa heshima, akidhani anauona moyo wa mtu mwema.

Jua lilikuwa limepita utosi waliporudi mikono mitupu. Upendo alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya wageni, akavua kiatu kimoja, akatoa kijiwe, akakivaa tena. Hakulia. Alianza kusema kwa sauti ndogo kwamba labda wambebe kwa machela mpaka barabara kubwa, labda mtu atapita.

Damiano akamwambia, “Njoo gerejini.”

Aliivuta droo, akalitoa boksi, akaliweka mezani. Upendo alilitazama. Alilisoma maandishi ya juu, akainua kifuniko kwa kidole, akaziona beringi ndani ya karatasi zake. Kisha akamtazama Damiano, na Damiano akainama kutafuta nyundo.

“Nikusaidie nini?” ndilo Upendo alilouliza.

Alimpa kopo la grisi. Akamwonyesha jinsi ya kuweka bonge katikati ya kiganja na kuisukumia beringi ndani yake, ikate na kukata tena, mpaka grisi itokeze upande wa pili, kati ya kila kigololi na kingine. Upendo alifanya bila kuharibu, kwa mikono iliyozoea kazi isiyotaka papara, huku Damiano akigonga vikombe vya beringi za zamani kutoka ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, kwa kipande cha shaba, huku na huku, ili visitoke mshazari. Vipya akavipigilia taratibu mpaka mlio wa nyundo ulipobadilika, ukawa mzito, dalili kwamba vimekaa chini kabisa. Kimaren alisimama mlangoni, hana la kufanya, ameishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Kazi ya beringi za mbele haina njia ya mkato. Ukikaza nati mno, zitaungua kabla hujafika mbali. Ukiilegeza mno, gurudumu litayumba na kuzila upya. Damiano alilijua hilo kama jina lake, na kila dakika iliyopita ilimchoma. Upande wa kulia alimaliza kwanza. Upande wa kushoto nati yake inafungwa kinyume, na kwa haraka aliyokuwa nayo aliigeuza upande usio wake, akajisonya, akaanza tena. Aliikaza huku akilizungusha gurudumu ili vigololi vipate kukaa, akailegeza, akaingiza ncha ya bisibisi nyuma ya nati na kuisukuma washa, ile pete bapa inayokaa chini yake. Haikusogea. Akailegeza kidogo tena. Washa ikasogea kwa taabu, kama inavyotakiwa. Alilishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, likatulia. Waya wa spidi, ule unaopita katikati ya gurudumu la kushoto, hakuurudisha. Aliziba tundu kwa kitambaa, akashusha jeki.

Aliendesha yeye. Upendo alikaa mbele pembeni yake, Kimaren nyuma, magoti yakimgusa kidevu, baiskeli yake wameiacha gerejini. Mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri njia nzima, na gari lilikwenda kimya. Kwenye matope Damiano aliukaba usukani, gari likatii. Mkoromo wote ulikuwa umekwisha. Njiani Upendo alisema mambo mawili tu, yote kuhusu barabara.

Walimkuta mama yu hai. Walimlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Upendo, na Emanueli akapanda mbele. Kimaren akabaki kijijini. Yule bibi alikuwa mdogo wa mwili kuliko Damiano alivyotazamia, uso umeingia ndani, lakini fahamu anazo. Damiano alimwamkia, naye akaitika marahaba kwa pumzi. Kisha akamuuliza bintiye huyu ni nani. Upendo akajibu, “Ni fundi, mama. Fundi wa gari.” Bibi akasema ahsante, mwanangu. Damiano hakugeuka.

Waliingia Kilosa jua likizama. Daktari wa zamu alimwona mgonjwa upesi, akaamuru chumba cha upasuaji kitayarishwe, na kabla hakijawa tayari bibi alikata roho. Daktari alitoka barazani, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, akawapa pole. Akasema, si kwa kulaumu, bali kama mtu anayewaeleza watu mambo yalivyokuwa, kwamba utumbo ulikuwa umekwisha kuoza, na kwamba angefikishwa asubuhi, au hata mchana, pengine wangejaribu.

Emanueli aliondoka kwenda kutafuta simu ya kuwaita ndugu. Upendo na Damiano wakabaki kwenye benchi la baraza. Mikono yao wote wawili ilikuwa bado na grisi kwenye mikunjo ya vidole.

“Zilifika lini?” Upendo aliuliza.

“Jumanne.”

“Jumanne hii?”

“Iliyopita.”

Mtu alipita na taa ya kandili, akawasalimu, wakamwitikia.

“Kwa nini, Damiano?”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita kwa jina. Damiano akayatafuta yale maneno aliyoyatunga chini ya malori, yote yalikuwa yamekimbia. Akasema kile kilichobaki.

“Nilitaka uendelee kuja.”

Upendo alikwangua grisi kwenye mkunjo wa kidole. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka, “Ningekuja tu.” Akainuka, akaingia ndani walikomlaza mama yake, akafunga mlango.

Mazishi yalifanyika Kisanga. Damiano alikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi. Alichimba kaburi pamoja na vijana wa kijiji mpaka viganja vikachubuka. Watu walipokaa kula, Emanueli alisimama kutoa shukrani. Aliwashukuru majirani, akamshukuru Kimaren kwa kuendesha baiskeli asubuhi ile bila kupumzika, kisha akamtaja fundi Damiano wa Mikumi, aliyeacha kazi zake zote, akatengeneza gari kwa haraka ya ajabu, akawafikisha Kilosa. Alisema mtu kama huyo ni ndugu. Wazee wakaitikia, na mmoja akamshika Damiano bega. Upendo alikuwa amekaa na wanawake, kanga imemfunika kichwa. Alisikia yote. Angeweza kusema neno moja tu, na hakulisema. Damiano angeweza kusimama, naye hakusimama. Alitazama sahani yake mpaka kelele zilipotulia.

Upendo aliomba uhamisho, na kabla mavuno hayajaanza alikuwa amehamia Kilosa. Siku ya kuondoka aliliendesha gari mwenyewe, akapita mbele ya gereji bila kusimama. Damiano alisikiliza magurudumu mpaka yalipopotelea kona ya Kilosa. Yalikuwa hayatoi sauti yoyote. Alijua kwamba beringi mpya zikishatembea kidogo hukaa vizuri zaidi na kuacha nafasi, na nati hutaka kuguswa tena. Alikaa akingoja kwamba pengine kwa sababu hiyo atarudi. Baadaye akasikia kwamba Petro, fundi waliyesoma naye kazi kwenye shamba la mkonge, ndiye aliyezigusa, kule kule Kilosa.

Ulipita mwaka, na mwingine ukakaribia kwisha, ndipo Damiano alipopanda basi kwenda kumwona. Hakuwa na kisingizio. Alimkuta kliniki ya akina mama, anapima watoto uzito kwenye mizani ya kuning’inia, na foleni ni ndefu. Upendo alimwona, akamwashiria benchi, akaendelea na kazi. Damiano alikaa kati ya wanawake wenye watoto mpaka mtoto wa mwisho aliposhushwa kwenye mizani, analia.

Walisimama kwenye kivuli cha ukuta wa jengo. Upendo alikuwa amenenepa kidogo, na alivaa pete ambayo Damiano hakuwahi kuiona. Damiano alimwomba radhi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Mikumi, na safari hii yalitoka, ingawa mafupi.

Upendo alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mimi ni muuguzi,” alisema. “Tumbo lile nalijua. Pengine hata tungeondoka asubuhi ile Kimaren alipofika, mama angekufa mezani. Wengi hufa. Najiambia hivyo, na huenda ni kweli.” Akaitazama mikono yake. “Lakini sijui, Damiano. Wewe ndiye uliyefanya nisijue. Kukusamehe nimekusamehe zamani. Hilo la kutojua ndilo ninalolala nalo.”

Damiano akamuuliza habari za gari, naye akasema ameliuza kwa mwalimu mmoja, maana mumewe mpya alikuwa na pikipiki na njia za huku ni nyembamba. Akamuuliza Damiano kuhusu gereji. Damiano akasema haijambo. Siku hizi magari ya Kijapani ni mengi, na mengi hayaharibiki upesi.

Alimsindikiza mpaka getini. Basi la Mikumi lilikuwa bado na saa nzima, na harufu ya wali wa nazi ilikuwa ikitoka kwenye vibanda vya mama lishe ng’ambo ya barabara. Upendo akamuuliza kama amekula. Damiano hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Akasema amekula, ameshiba. Upendo akatikisa kichwa, akamtakia safari njema, akarudi kwa wagonjwa wake, na Damiano akavuka barabara kwenda kituoni, akakaa kwenye kivuli chembamba cha kibanda cha tiketi.